Karakana Hula Kila Siku

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa ufundi, wazazi na wajumbe wa kamati za elimu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, walimu wenzangu wa karakana, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioketi nyuma kana kwamba shughuli hii si yenu:

Nimeombwa nizungumzie namna serikali zinavyogharamia na kusimamia mafunzo ya ufundi kwa wanafunzi wa sekondari. Nilifundisha useremala na ufundi chuma kwa miaka mingi, kisha nikahamishiwa kwenye ukaguzi, na kisa ninachotaka kuanza nacho kinatoka huko kwenye ukaguzi. Nakianza kwa makusudi, kwa sababu mkosaji katika kisa hicho ni mimi.

Nilifika katika shule moja asubuhi na mapema. Jalada la shule lilikuwa safi: hati ya kukabidhi jengo la karakana, hati ya kupokea mashine, maandalio ya masomo yaliyosainiwa wiki kwa wiki, na orodha ya wanafunzi waliosajiliwa katika useremala. Nikaomba kuona karakana yenyewe. Ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule alikuwa safarini, kwa hiyo tulikaa karibu saa nzima tukisubiri ufunguo wa akiba utafutwe. Mlango ulipofunguliwa niliona jiriwa zimefungwa vizuri kwenye meza, na kwenye meno ya kila jiriwa kulikuwa bado na grisi ya kiwandani. Mashine ya kuranda ilikuwa imevikwa nailoni iliyokuja nayo. Sakafuni hapakuwa na maranda hata ya kujaza kiganja. Jengo hilo lilikuwa limezinduliwa miaka miwili kabla ya siku ile. Darasa la pili kutoka pale, mwalimu wa useremala alikuwa akichora patasi ubaoni, na wanafunzi walikuwa wakiinakili patasi hiyo kwenye madaftari.

Nikajaza fomu yangu. Fomu iliuliza kama shule ina karakana, nikaandika ndiyo. Iliuliza kama mashine zimepokewa, nikaandika ndiyo. Mwalimu ana sifa? Ndiyo. Maandalio yapo? Ndiyo. Hapakuwa na mahali popote palipouliza kama mwanafunzi amewahi kushika patasi. Nikaandika kwamba hali inaridhisha, nikasaini, nikaondoka.

Ndugu zangu, niulizeni basi: fedha ya umma ilipotelea wapi pale? Hakuna aliyeiba. Jengo lilikuwapo, mashine zilikuwapo, risiti zilikuwapo. Mkaguzi wa hesabu angepita na angeridhika, kama mkaguzi wa elimu alivyopita na kuridhika. Hata hivyo, wanafunzi wale walimaliza miaka yao bila kuunganisha vipande viwili vya mbao. Naamini hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika elimu ya ufundi, na ndiyo isiyoonekana kwenye taarifa yoyote ya mwaka.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza na ni kigumu kukitibu. Serikali hupenda kulipia kitu kinachoweza kuzinduliwa. Jengo lina utepe wa kukata, mashine ina picha ya kupiga. Lakini karakana hula kila siku. Mwanafunzi wa historia akishapata kitabu, kitabu kile kitamhudumia yeye na wadogo zake wanaofuata. Mwanafunzi wa uchomeleaji akichoma vijiti kumi leo, vijiti hivyo vimekwisha, na kesho anahitaji vingine, kwa sababu mkono haujifunzi kuchomelea kwa kijiti kimoja. Mbao aliyoikata vibaya haiwezi kurudishwa ilivyokuwa. Msumeno unahitaji kunolewa, mkanda wa mashine hukatika, waya huungua, miwani ya kinga huvunjika. Juu ya hayo, mwalimu mmoja hawezi kuwasimamia wanafunzi hamsini kwenye mashine inayoweza kukata kidole, hivyo darasa moja la kawaida huzaa makundi mawili au matatu karakanani, na kila kundi linahitaji mwalimu na saa zake.

Sasa, ruzuku ya shule hupangwaje katika nchi nyingi? Kwa kichwa. Kila mwanafunzi hupewa kiasi kilekile, awe anasoma fasihi au anasoma umeme wa majumbani. Karatasi inaonyesha usawa, lakini kwa mkuu wa shule ruzuku hiyo ni mtego, maana kila mwanafunzi anayemwongeza katika ufundi humwongezea hasara. Mkuu huyo si mtu mbaya. Anafanya hesabu tu, na hesabu inamwambia afundishe ufundi kwa chaki.

Tazameni jirani zetu wa Kenya walivyopita njia hii. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulianza mwaka 1985 kwa nia njema kabisa: kila mtoto, pamoja na hesabu na lugha, apate stadi za mikono zitakazomfaa hata asipoendelea na masomo. Shule zikaambiwa zijenge karakana. Nani aliyejenga? Kwa sehemu kubwa ni wazazi wenyewe, kwa harambee. Watu walichanga na kujitolea, na majengo yakasimama katika vijiji vingi. Lakini harambee hujenga ukuta. Haiwezi kununua misumari kila muhula kwa miaka kumi na tano. Vifaa vikakosekana, walimu waliofundishwa ufundi wakawa wachache, na mzigo wa masomo mengi ukawalemea wanafunzi na wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, na sehemu kubwa ya ufundi ule ikaondoka. Wapo waliosema wakati ule kwamba Waafrika hawapendi kazi za mikono. Mimi sikubali hata kidogo. Watu waliojenga karakana kwa fedha zao wenyewe hawawezi kuambiwa kwamba hawakuzipenda. Kilichokosekana ni fungu la matumizi ya kila siku, na fungu hilo lilikuwa wajibu wa serikali.

Sasa nawapeleka mbali kidogo, kwa sababu nataka mwone serikali iliyolifikiria jambo hili kwa kulipindua. Tarehe 23 Februari 1917, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alitia saini sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili waliouleta muswada wake, Smith na Hughes. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kuu ya nchi ile kutoa fedha kwa ajili ya ufundi katika shule za ngazi ya sekondari: kilimo, ufundi wa viwandani na maarifa ya nyumbani. Fedha hizo zilitakiwa kulipa mishahara ya walimu wa ufundi na kuwaandaa walimu wapya. Sheria ilikataza waziwazi senti yoyote ya fungu hilo kutumika kununua, kujenga, kutunza au kukarabati jengo au vifaa. Jimbo ndilo lililotakiwa kuleta jengo na vifaa, na kwa kila dola ya serikali kuu liongeze dola yake.

Mnaona busara iliyomo? Serikali kuu ilijua kwamba siasa za majimbo zitajenga zenyewe, kwa sababu siasa za kila mahali hupenda kujenga. Ikaelekeza fedha yake mahali ambapo siasa haziendi, yaani kwa mwalimu aliyesimama karakanani kila asubuhi. Halafu ikaongeza kifungu ambacho ningependa kila mjumbe wa kamati ya bajeti akisome kabla ya kulala: fedha hiyo ikipungua au kupotea mikononi mwa jimbo, jimbo lilipe kutoka mfukoni mwake, na lisipewe nyingine mpaka limelipa. Kila jimbo lilitakiwa kuunda bodi, kuandika mpango, kuupeleka uidhinishwe, na kutoa taarifa kila mwaka.

Sisemi kwamba sheria ile haikuwa na dosari. Ilikuwa nazo, na moja nitaieleza baadaye kwa sababu inawahusu wasichana. Ninachosema ni kwamba waliiandika wakijua fedha huponyokea wapi.

Hapa najua yupo mtaalamu wa uchumi atakayenyoosha mkono. Atanikumbusha kwamba mwaka 1985 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos na William Loxley, walitoa utafiti uliolinganisha shule za sekondari zenye michepuo ya ufundi nchini Colombia na Tanzania. Tanzania, baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na mabadiliko yaliyofuata katika miaka ya 1970, ilikuwa imeziwekea shule zake michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Watafiti walikuta kwamba michepuo hiyo ilikuwa na gharama kubwa kuliko masomo ya kawaida, na kwamba faida ya ziada katika ajira na kipato haikuonekana wazi. Utafiti ule ulitikisa mikono mingi iliyoshika fedha za wafadhili, na ufundi wa sekondari ukapoteza marafiki.

Nauheshimu utafiti huo na siukwepi. Ila nauliza swali la fundi: mchepuo unaopimwa ni upi, wa maranda sakafuni au wa patasi ubaoni? Ukimpa mtu ufundi wa nusu kwa gharama kamili, ni lazima hesabu ikatae. Utafiti ule unatuonya tusianzishe mchepuo ambao hatuna nia ya kuulisha. Afadhali shule kumi zenye karakana zinazofanya kazi kuliko shule mia zenye mabango ya karakana, na hapa nasema bila kuogopa kwamba serikali yoyote inayotangaza mkondo wa ufundi katika shule nyingi kwa mpigo, bila kutangaza siku hiyohiyo fungu la vifaa vya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, inaandaa utafiti mwingine wa kuusikitikia.

Fedha itoke wapi basi? Hili sitalichelewesha sana. Nchi nyingi huwatoza waajiri asilimia ya mishahara wanayolipa, kwa hoja kwamba anayefaidi fundi achangie kumfunza. Tanzania ina tozo ya namna hiyo, Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi. Kwa muda mrefu mgawanyo wake umekuwa theluthi moja kwa VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na theluthi mbili kwa Hazina, ambako sehemu yake imesaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waajiri walilalamika kwamba ni kubwa, na kuanzia mwaka 2013 hadi 2023 ikashushwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 hadi asilimia 3.5. Mimi si mwajiri, lakini nawaelewa: mtu akitozwa kwa jina la ufundi kisha akaona sehemu kubwa inakwenda kwingine, hata kama huko kwingine ni kuzuri, ataanza kuuliza kwa nini atozwe. Tozo yenye jina la ufundi iende kwenye ufundi; na kama serikali ina haja nyingine, iitafutie haja hiyo jina lake.

Wajerumani walichagua njia nyingine: mwajiri anampokea kijana kiwandani au gereji, anamlipa posho na kumfundisha kazi, huku serikali za majimbo zikigharamia shule anayokwenda siku moja au mbili kwa wiki. Ni njia nzuri kwao kwa sababu wana waajiri wengi walio tayari kufundisha. Penye waajiri wachache, njia hiyo haiwezi kubeba wanafunzi wote wa sekondari, nami huwa naona uvivu fulani kwa wageni wanaozuru Ujerumani kwa wiki moja na kurudi wakituambia tuiige.

Lakini lipo jambo moja la Wajerumani ambalo linaigika popote bila gharama kubwa, nalo linanipeleka kwenye usimamizi. Chini ya sheria yao ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, mtihani wa mwisho wa mwanagenzi husimamiwa na kamati ambamo wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi huwa na idadi sawa, na ndani yake lazima awepo walau mwalimu mmoja wa shule ya ufundi. Maana yake ni kwamba aliyemfundisha kijana hakai peke yake kumhukumu. Fundi wa nje anashika kazi ya kijana, anaigeuza, anaangalia kiungo kimekaaje, na hana sababu ya kuionea haya wala kuipendelea.

Linganisheni na yale yaliyotokea Uingereza, na hapa naomba walimu wakuu wanisikilize kwa makini. Serikali ya kule ilikuwa ikizipanga shule kwenye jedwali la matokeo, na baadhi ya vyeti vya ufundi vikapewa uzito mkubwa ndani ya jedwali hilo. Kilikuwapo cheti cha kutunza farasi kilichohesabiwa kuwa sawa na masomo manne ya kawaida ya sekondari. Fikirini mkuu wa shule anayeogopa kushuka katika jedwali: mwanafunzi mmoja, cheti kimoja, alama za masomo manne! Vyeti vya aina hiyo walivyochukua wanafunzi wa hadi miaka 16 vikaongezeka kutoka 15,000 mwaka 2004 hadi 575,000 mwaka 2010. Mwezi Machi 2011 Profesa Alison Wolf alikabidhi serikali mapitio aliyoombwa kuyafanya, na humo alikadiria kwamba vijana wasiopungua 350,000 wa umri wa miaka 16 hadi 19 walikuwa wakipata manufaa kidogo sana, au hawapati kabisa, kutokana na masomo waliyowekwa. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba kati ya vyeti zaidi ya 3,100 vilivyokuwa vikihesabiwa, vitabaki 125 tu kuanzia jedwali la mwaka 2014.

Ndugu zangu, pale nako hakuna aliyeiba. Kila mtu alitii kipimo alichopewa. Usimamizi haukulala, ulikuwa macho saa ishirini na nne, ila ulikuwa ukitazama kitu kisicho chenyewe. Ukihesabu vyeti, utaletewa vyeti. Ukihesabu majengo, utaletewa majengo. Mimi nilihesabu saini, nikapewa saini.

Yapo mambo ya muundo pia. Tanzania, kwa miaka mingi, VETA ilikuwa na vyuo vyake na wakati huohuo ndiyo iliyosajili na kusimamia vyuo vya wengine. Mwaka 2021 kazi ya udhibiti ikahamishiwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na VETA ikabaki na kazi ya kutoa mafunzo. Mchezaji akavua kipenga. Ni hatua sahihi, ingawa kumtenga mwamuzi hakutoshi kama mwamuzi mwenyewe anatazama mchezo kwenye karatasi.

Wamarekani nao, baada ya miaka mia moja ya kurekebisha ile sheria yao, walifika mahali pa kuvutia. Sheria yao ya sasa ya ufundi, inayobeba jina la mbunge Carl Perkins, ilifanyiwa marekebisho makubwa yaliyotiwa saini tarehe 31 Julai 2018. Tangu hapo, eneo linaloomba fedha hutakiwa kwanza kufanya tathmini ya mahitaji, na kuirudia walau kila baada ya miaka miwili, likiwashirikisha walimu, wazazi, wanafunzi na waajiri. Yaani kabla ya kuuliza mnataka kiasi gani, serikali inauliza mnataka kufundisha nini, kwa nani, na nani atawapokea vijana hao. Wangapi kati yetu tumewahi kuulizwa hivyo kabla ya kuletewa mashine?

Sasa niseme kuhusu wasichana, kama nilivyoahidi. Ile sheria ya 1917 ilitoa fedha kwa ufundi wa viwandani na kwa maarifa ya nyumbani, na bila kuandika popote kwamba wavulana waende huku na wasichana kule, ndivyo ilivyokwenda kwa miongo mitano. Fedha ya serikali ililipia utengano. Mwaka 1972 sheria nyingine ikapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Lakini marufuku peke yake haifungui mlango uliozoeleka kufungwa. Kwa hiyo mwaka 1976 sheria ya ufundi ikarekebishwa, na kila jimbo likatakiwa kuajiri mtu wa kazi hiyo tu, kwa muda wote, kupambana na upendeleo wa kijinsia katika ufundi, na kutenga dola 50,000 kila mwaka kwa kazi hiyo. Wajibu ulipewa mtu na fungu.

Nina sababu yangu ya kulitaja hili. Nilipokuwa mwalimu, niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kike mmoja tu katika uchomeleaji. Mshono wake ulikuwa umetulia kuliko wa wenzake wote, na bado kila muhula aliitwa ofisini kuulizwa kama hajabadili mawazo. Aliulizwa kwa upole, na kila aliyemwuliza aliamini anamsaidia. Muhula wa nne akabadili mawazo. Sikumtetea vya kutosha, na hapakuwa na mtu yeyote katika shule ile ambaye kazi yake ilikuwa kuniuliza amekwenda wapi.

Na si wasichana peke yao. Je, ni wanafunzi gani hupelekwa karakanani? Tuseme ukweli humu ndani. Ni wale walioshindwa hesabu, ni watundu, ni wale ambao mwalimu wa darasa amewachoka. Kisha tunashangaa fundi umeme asiyeweza kukokotoa mzigo wa saketi. Fundi anahitaji hesabu kuliko karani. Usimamizi unaofaa ungeuliza kila shule ieleze wanafunzi wa ufundi walichaguliwaje, na ungetaka kuona saa zao za hesabu na lugha hazikuliwa ili kuwapa wengine walimu bora.

Limebaki jambo la bidhaa, nalo lina utamu na hatari. Karakana inayofanya kazi huzalisha madawati, milango, nguo za shule. Ni vizuri, kwa sababu mwanafunzi anayetengeneza kitu kitakachotumika hujifunza zaidi kuliko anayetengeneza kiungo cha kutupwa. Hata ile sheria ya 1917 ilitaka walau nusu ya muda wa shule za ufundi wa viwandani uwe wa kazi halisi yenye manufaa au uzalishaji. Lakini nimeona shule ambako mwanafunzi alitengeneza dawati lilelile mara arobaini, kwa sababu shule ilikuwa na oda. Dawati la kwanza lilikuwa somo, na la tano lilikuwa zoezi. La arobaini lilikuwa kibarua kisicho na ujira. Na fedha ya oda iliingia kwenye kitabu gani? Penye uzalishaji pawe na leja yake, isomwe kwenye bodi ya shule, na faida irudi kwanza kununua malighafi, kabla ya jambo jingine lolote, hata liwe la haki namna gani.

Mtaniuliza: mkaguzi afanye nini tofauti? Mimi nilibadilika kwa jambo dogo. Niliacha kuanzia ofisini. Siku hizi nikifika shuleni, hata kwa ziara ya kawaida tu, naanzia nyuma ya karakana, kwenye jalala. Maranda, vipande vya bomba, vishina vya vijiti vya kuchomelea, vitambaa vilivyokatwa vibaya: takataka hizo hazipikwi usiku mmoja. Kisha naomba leja ya stoo, natazama lini kitu kilitoka mara ya mwisho, na nagawanya kilichotoka kwa idadi ya wanafunzi. Kama stoo haijatoa kitu tangu muhula uanze, sihitaji kuona andalio la masomo. Mwisho namwomba mwanafunzi yeyote, nikimchagua mimi, anionyeshe kitu alichokitengeneza na kunieleza alikosea wapi. Mwanafunzi aliyefanya kazi kwa mkono wake huwa na makosa ya kusimulia. Asiyefanya hunisomea daftari.

Ile shule ya grisi nilirudi baadaye, safari hii si kwa ukaguzi, bali nilikuwa nimealikwa. Taarifa yangu ya kwanza haikuwa imewasaidia chochote, na ingewezaje, wakati niliandika kwamba hali inaridhisha? Waliosaidia ni wazazi wawili katika bodi ya shule, mmoja wao fundi wa magari. Waliomba leja ya stoo isomwe kwenye kikao, wakakuta kurasa nyeupe, wakaigomea bajeti ya mwaka hadi fungu la vifaa vya karakana litengwe na liandikwe kwamba halihamishwi kwenda matumizi mengine bila kikao chao. Mamlaka ya juu ilikasirika kwanza, ikakubali baadaye.

Sikwenda ofisini kwanza. Nilizunguka nyuma. Palikuwa na lundo la maranda linalofika magotini, na ndani yake vipande vya mbao vilivyochongwa vibaya, kimoja kikiwa na kiungo kilichokatwa upande usiofaa mara mbili. Nikazunguka mbele. Ufunguo ulikuwa umening'inia mlangoni.

Asanteni kwa kunisikiliza.